Kadi ya Sikujua

Jina: Sikujua. Umri: saba, kwa maneno ya mhandisi.
Kabila: nimeacha wazi.
Makazi: kabati la vioo, chumba cha uani, Chikongola.
Mimba ya ngapi: ya kwanza, nadhani.
Baba: marehemu.

Kalamu ni ileile niliyostaafu nayo wodini,
kadi nimeikuta tupu chini ya mkoba,
na mkono wangu hauoni ajabu.

Mhandisi wa gesi aliondoka na masanduku manne.
Kodi ya miezi mitatu alinilipa
kwa nyoka wawili, taa yao
na karatasi ya maelekezo iliyotapakaa kahawa.
Dume alikufa kabla masika hayajakolea.
Nilimzika nyuma ya banda la kuku, usiku,
majirani wasije wakaniuliza matanga ni ya nani.

Baada ya hapo jike akavimba katikati,
siku moja tu, kama aliyemeza nazi nzima,
kesho yake akanywea.
Nikasema: ni gesi.
Mtwara hii, siku hizi, kila kitu twasema ni gesi.

Wiki zikapita mbili na ushei, akajivua gamba.
Hapo ndipo nikaamka.
Miaka thelathini na minne swali langu la kwanza lilikuwa moja:
mara ya mwisho ilikuwa lini, mama?
Huyu hana mwezi. Ana gamba.
Nikaandika: tarehe kumi na moja, Aprili.
Gamba lenyewe nimelikunja, liko pamoja na vyeti vyangu.

Akaanza kukataa.
Nimewaona waliokimbia harufu ya kitunguu,
waliotafuna udongo wa kichuguu hadi meno yakalika,
mmoja kutoka Nanguruwe aliyetaka majivu ya kuni za mkorosho,
si kuni nyingine.
Sikujua hakutaka chochote.
Panya alipita mbele ya pua yake,
akasimama, akajisafisha masharubu,
akalala.

Esha Nambunga alichungulia dirishani:
“Mkunga gani wewe? Chatu si hutaga?”
Nikamwambia huyu si chatu wetu,
huyu ni boa, wa ng'ambo,
anazaa watoto wanaotambaa, kama ulivyozaa wewe.
Akajitemea mate kifuani,
akaondoka na ming'oko aliyokuwa ameniletea.

Sasa rangi imekolea,
kutoka korosho mbichi hadi korosho iliyosahauliwa motoni.
Ubavuni magamba yameachana, ngozi inachungulia,
nami naijua ile michirizi,
ninayo yangu, Somoe aliniachia akiwa wa kwanza.
Analala upande, tumbo kalielekezea taa,
na akipumua
theluthi yake ya nyuma inachelewa kidogo,
kama mtu aliyebeba ndoo.

Karatasi inasema: usimbinye.
Viganja hivi!
Vilivyojua kichwa kiko chini, mgongo uko kushoto,
kabla mama hajamaliza kupanda kitandani.
Nimevifunga kwenye kanga, nimesimama nje ya kioo.
Kipembe cha kusikilizia mapigo bado ninacho,
lakini ningekiweka wapi?
Yeye mzima ni tumbo.

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku,
Julai, na ubaridi wa kusi ukipenya chini ya mlango.
Nikachemsha maji, nikajaza chupa tatu,
nikazivika soksi za marehemu mume wangu,
kama tulivyowafanyia njiti jenereta ilipogoma.
Nikaziingiza moja moja.
Tochi nikaizima, maana mwanga wa usoni
hakuna mjamzito aupendaye.
Nilikaa. Sikusikia kitu. Kisha soksi ikakwaruzwa.

Siku ya tisini na saba.
Hajala. Hajanichukia.
Joto: la chupa.
Idadi ya watoto: kadi ina visanduku viwili tu,
aliyeichapa aliwaza mapacha, akaishia hapo.
Nimeigeuza nyuma
na ninapiga mistari kwa rula.